Vidonge vya Shangazi

Shangazi yangu ni mwoga, na sisemi hivyo kwa kumdharau, maana uoga wake ndio uliotulea mimi na dada yangu. Anapiga pasi kwenye duka la dobi tangu tuko wadogo, na hiyo pasi yenyewe anaiogopa. Akimaliza kazi huchomoa waya, hufunga mlango, kisha hurudi kuhakikisha kama kweli aliuchomoa. Lifti hapandi. Maziwa hanywi mpaka ayanuse. Lakini kinachomtia hofu kuliko vyote ni vidonge vya hospitali.

"Kemikali hizo," husema. "Zinakula maini."

Miguu ilipoanza kumfa ganzi kwa kusimama kutwa, alikwenda duka la dawa akarudi na kichupa cha vidonge vya Kichina vya kuendesha damu. Havikuhitaji cheti cha daktari. Vilipangwa mezani jirani na peremende. Maandishi yake hakuyaelewa hata herufi moja, ila palikuwa na picha ya mzizi, na mzizi ule ukamwondolea wasiwasi wote.

"Ni majani tu, mwanangu. Majani yamdhuru nani?"

"Hata tumbaku ni majani, Shangazi."

Alinitimua kwa taulo bichi, tukacheka.

Kisha jino likamvimbisha shavu. Alilivumilia mpaka akashindwa kula. Dada, ambaye anakaa kwake akisubiri kujifungua siku yoyote, alimvisha viatu kwa nguvu, nami nikamkokota kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa binti mchangamfu. "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna," akajibu Shangazi, na naapa moyoni mwake hakudanganya. Kwake yeye dawa ni kemikali.

Jino likatoka. Damu ikakataa kukoma. Daktari alimng'atisha pamba, ikalowa. Akaweka nyingine, ikalowa. Akashona. Damu ikapita kwenye nyuzi ikatiririka mpaka kidevuni. Yule binti aliyekuwa akitutania akaacha utani, akamwita mwenzake kwa sauti ya chini. Mkono wa Shangazi ulikuwa baridi ndani ya mkono wangu. Niliogopa, jamani. Niliogopa kama mtoto.

"Mama, fikiria tena. Hata dawa ya mizizi? Hata chai?"

Shangazi alinikazia jicho: nyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikuwa tayari kukiona kifo hicho.

"Anameza vidonge vya Kichina," nikasema. "Vya kuendesha damu. Asubuhi na jioni."

Daktari alifumba macho kidogo. "Huenda ndivyo vinavyoizuia damu isigande. Ningejua, leo nisingeligusa hilo jino." Akaagiza gari la wagonjwa.

Tukilisubiri, Shangazi akaanza kunivuta shati. Mdomo umejaa pamba, hawezi kusema. Akachora tumbo kubwa hewani. Nikadhani tumbo linamuuma. Akatikisa kichwa kwa hasira, akaonyesha miguu yake, kisha akalichora tena lile tumbo, na machozi yakamtoka.

Dada. Miguu ya Dada ilikuwa imevimba kwa ujauzito, na Shangazi hajawahi kula kitu peke yake.

Nilimpigia simu papo hapo.

"Dada, vile vidonge vya Shangazi, na wewe umevimeza?"

"Ndiyo, amekuwa akinigawia. Vipi, jino limetoka?"

"Limetoka. Usimeze tena hata kimoja, umenisikia? Damu yake imekataa kukata."

 

"Mbona unanitisha hivyo? Si majani tu?"

Nyuma yangu daktari alikuwa akibadilisha pamba nyingine.

"Vaa viatu, mwambie jirani akulete hospitali. Sasa hivi."

"Viatu haviniingii," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Tangu asubuhi tumbo linanikaza."

"Njoo pekupeku," nikamwambia. "Dada, njoo hivyo hivyo."