Miezi ya Kupumzisha Dawa

Mwezi wa saba kijijini kwetu Mitaboni ni mwezi wa ukungu na pua zinazochuruzika. Jua hutoka karibu saa sita, likaangalia kidogo, likarudi lilikotoka. Mimi nafanya kazi Athi River, katika ofisi ya kiwanda, na kwa mama huenda mara moja kwa mwezi. Jumamosi hiyo nilimkuta jikoni amejifunika blanketi zito kutoka kichwani hadi magotini, sufuria ya majani ya mkaratusi ikitoa mvuke mbele ya kigoda chake. Nikalisalimia blanketi. Blanketi likaitikia.

“Kichwa kinanigonga, siku ya nne leo,” alisema kutoka humo ndani. “Ni hii baridi imeingia. Itatoka tu.”

Sina ugomvi na kujifukiza. Nimelelewa kwa mvuke, tangawizi, limau na ile shubiri mwitu tunayoiita kiluma, ambayo hata kuku wetu walinyweshwa walipougua. Kila baridi ikiingia, boma letu lote hunuka mkaratusi mpaka nguo za kanisani. Lakini mama ana presha. Ameambiwa na daktari ameze dawa kila siku ya maisha yake, na kichwa kinachomgonga mtu wa presha siku nne mfululizo si jambo la kuachiwa majani.

“Mwaitu, dawa za presha unameza?” nilimuuliza. Mwaitu ndiyo mama kwetu.

“Niko nazo.”

“Sijauliza kama uko nazo. Nimeuliza kama unameza.”

“Si nimekuambia niko nazo?”

Basi nikaanza kutafuta. Nilitafuta chini ya godoro, kwenye kabati la vikombe, ndani ya mkoba anaobebea Biblia. Nilizikuta stoo, ndani ya mkebe mkubwa uliokuwa wa mafuta ya kupikia, ambamo sasa huwekwa mbegu za kunde. Kwetu mbegu huchanganywa na majivu ili fukusi wasizitoboe, zikangoja mvua ya mwezi wa kumi. Humo ndani, juu ya kunde na majivu, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya mkonge, kulikuwa na dawa za mwezi wa sita na za mwezi wa saba. Hakuna hata tembe moja iliyotolewa kwenye karatasi yake.

Nilirudi jikoni nikiwa nimeushika ule mfuko, mikono imejaa majivu. Nilikuwa na hasira ya kulia. Mama alijifunua, uso umelowa, macho mekundu, akautazama mfuko bila kushtuka hata kidogo.

“Nimezipumzisha,” alisema.

“Umezipumzisha?”

“Ii. Wakati wa baridi mtu anakunywa dawa ya mti. Hizo za hospitali nitameza mvua ikianza. Hata shamba, ukishavuna, unaliacha lipumue. Ukililima bila kupumzika si litakufa? Na hizi dawa mbili haziwezi kukaa kwa tumbo moja, zitapigana.”

Alieleza kwa utulivu kabisa, kama anavyoeleza kwa nini mahindi hayapandwi mahali pamoja kila msimu. Ndicho kilichonichoma zaidi. Mtu mjinga ungemfundisha, mtu mkaidi ungemkemea. Mama alikuwa amelifikiria jambo lake kikulima, akalipangia miezi, na katika kichwa chake lilikuwa limekamilika. Nikampigia kelele. Nilimwambia presha haijui msimu. Nilimwambia mishipa ya kichwani si shamba, ikipasuka haipandwi tena. Nilimwambia mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, na jirani aliyekuwa akipita na ndoo alipunguza mwendo ili asikose neno.

Mama alingoja nimalize. Kisha akasema, “Si ni wewe uliniambia mwili unapumzishwa?”

Nikauweka ule mfuko chini.

Ilikuwa kweli, tena kweli tupu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa afya ya asili. Pale ofisini tulikuwa na kikundi cha kina mama cha kutumiana video kwenye simu: leo kusafisha ini, kesho kusafisha damu, kesho kutwa chai ya majani saba. Baridi ya mwaka huo nilimletea mama manjano ya unga, mdalasini, mbegu za kitani na chupa ya asali. Nikaketi hapo hapo jikoni, miguu nimeinyoosha kuelekea motoni, nikamhubiria kwamba kila msimu una chakula chake na tiba yake, na kwamba mwili ukijazwa kemikali bila kupumzishwa unachoka. Nilikuwa na maana ya sukari na soda. Sikutaja soda. Nilisema kemikali, maana ndivyo yule mtu wa video alivyosema, na nilipenda jinsi neno lilivyonijaa mdomoni. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, nikadhani ninasomesha.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi kwenye simu, na aliyelila ni mama peke yake, tena kwa heshima, kwa sababu binti yake aliyesoma ndiye aliyemwambia. Nilijichukia siku hiyo kuliko nilivyomkasirikia yeye, lakini hasira haina adabu. Niliendelea kumfokea hata hivyo, kuhusu viatu vyake, kuhusu mlango wa jikoni usiofungika.

Nilimsihi tuondoke mara moja. Akakataa, dispensari ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu na hospitali ya mjini, alisema, haendi ila akiwa amebebwa. Nilipotaka ameze tembe pale pale, alisema hawezi, amekwisha kunywa mwarobaini asubuhi, na zile mbili zitapigana. Jumapili akaenda kanisani, akaimba. Mimi nilikaa nyuma yake nikiangalia shingo yake kana kwamba ningeiona damu ikipita.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, tukashuka hadi dispensari. Kulikuwa na benchi moja refu, wazee kwa mablanketi ya mabegani, na meza ya nesi ilikuwa mbele ya watu wote. Nesi, msichana wa kama miaka ishirini na tano, alimfunga mama ule mkanda wa mkononi, akapima, akakunja uso, akapima tena.

“Mama, dawa unameza kila siku?”

“Kila siku,” mama akajibu. “Asubuhi nikishakunywa chai.”

Alidanganya kwa sauti ya kanisani. Akanitupia jicho, na jicho hilo lilikuwa linaniomba. Benchi zima lilikuwa likisikiliza, wakiwemo wanawake wawili wa kikundi chake cha kina mama kijijini, wale wanaomfuata kuuliza mti gani wa kikohozi na mti gani wa mgongo. Mficha uchi hazai, najua, lakini si rahisi kumvua mama yako mbele ya wenzake.

“Hajameza,” nilisema. “Tangu mwezi wa sita.”

Nesi alimgombeza kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi. Alimwambia mvuke ajifukize tu, pua itamshukuru, tangawizi anywe, lakini hii dawa haina kupumzika, mama, hata siku moja. Alimwambia mwarobaini auache kwanza hadi daktari aulizwe. Akampa tembe moja na maji pale pale, tukakalishwa pembeni hadi saa nane akapimwa tena na tena, ndipo tukaruhusiwa kwenda.

Njiani mama alitangulia hatua kumi mbele yangu. Jioni, uji ulipokuwa ukichemka, alisema bila kunitazama, “Unajua kwa nini napenda hii miezi ya baridi?”

Nikasema sijui.

“Kwa sababu hii miezi kila mtu anaumwa. Kila mtu anakohoa, kila mtu anajifukiza, na wanakuja kuniuliza mimi. Sina kadi ya hospitali kwa mkono. Hiyo miezi mitatu mimi si mgonjwa wa presha. Mimi ni mama tu, niko na homa kama wengine.”

Nilikuwa nimejaza kichwa hoja za mishipa na damu, na hakuna hata moja iliyofaa hapo.

Asubuhi yake, kabla sijarudi kazini, nilimwekea tembe kwenye kisahani, na kikombe cha maji ya vuguvugu kando yake. Aliichukua, akaiweka mdomoni, akanywa maji yote hadi chini. Kisha akafungua mdomo wazi mbele yangu, akainua ulimi, akaugeuza huku na huku, nione kwamba imekwenda. Sikuwa nimemwomba anionyeshe.