Wakfu wa Basi la Ghorofa

Mwinyijuma bin Shaib alilitia wakfu basi lake kwa kuwaogopa wanawe. Maisha yake yote ya kazi aliliendesha basi hilo la ghorofa baina ya Ngamiani na Muheza: chini wanaume na matenga ya machungwa, juu akina mama waendao harusini, wakipiga vigelegele huku matawi yakichapa madirisha. Mwenye basi alipolichoka, Mwinyijuma alilinunua kwa kiinua mgongo chake, akaliegesha uani kwake Mabawa. Hapo alishona viti kwa mkono wake, akapaka rangi kila palipobambuka, na hakuliacha lilale kwa muda mrefu bila kuliwasha.

Alipozeeka, wanawe walianza kulitazama basi kwa macho ya watu wanaokata mafungu. Basi Ijumaa moja, baada ya sala, alisimama mbele ya jamaa akatamka kuwa gari lile ni wakfu wa msikiti, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Alijua kuwa kilichotiwa wakfu hakirithiwi. Lakini hakujiwekea sharti la kuwa msimamizi wake, na neno hilo moja ndilo lililomponza.

Kamati ya msikiti, chini ya Sadalla muuza mbao, ilishika kauli ya wanaosema kuwa wakfu uliokosa manufaa huweza kubadilishwa kwa wenye manufaa. Wakaamua basi liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ijengwe sehemu mpya ya kutawadhia.

Mwinyijuma akawaendea barazani. "Manufaa linayo! Linawaka, linakwenda."

"Linakwenda wapi, Mzee Mwinyi?" akauliza Sadalla. "Kutoka chooni kwako mpaka jikoni?"

Baraza zima likaangua kicheko.

"Mcheni Mungu, Sadalla. Nimelitoa lihifadhiwe."

"Hukusema lihifadhiwe, mzee wangu. Ulisema wakfu, na sote tulisikia. Au ulikuwa ukitufanyia mzaha ndani ya nyumba ya Mungu?"

Mwinyijuma aliomba jambo moja tu: lisikatwe uani kwake. Akaliendesha mwenyewe hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akazima injini, akamkabidhi ufunguo mtu ambaye hakuwa na haja nao. Wakataji walianza na ghorofa ya juu.

Zuwena, binti yake mkubwa, alimfuata akamshika mkono.

"Ulituogopa sisi, baba," akamwambia njiani. "Sisi tungalingoja ufe kwanza."

Leo mabomba ya msikiti yanatoa maji safi, na kila Ijumaa imamu humwombea dua mtoa wakfu kwa jina lake. Mwinyijuma huitikia amina pamoja na wenzake, kwani dua hairudishwi. Ila udhu wake huutia nyumbani, kwa kata na ndoo, kabla hajatoka.