Kitabu Kisicho na J

Mpaka leo nikinusa karafuu kuukuu, nakisikia kiyoyozi cha dirishani cha nyumba yetu ya Rashidiya, Dubai, kikinguruma kama ndege inayoomba ruhusa ya kutua, nami namwona Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, akifungua khanga aliyokifungia kitabu chake pamoja na punje za karafuu za kufukuzia wadudu. Kilikuwa kitabu cha hadithi za Kiswahili kilichotengenezwa London enzi za Malkia Victoria, kikarithiwa mkono kwa mkono hadi kumfikia yeye. Likizo moja ya kiangazi alinisomea hadithi moja kila siku baada ya sala ya alasiri. Nje kulikuwa na joto la kukaangia sambusa juu ya boneti ya gari. Hata kunguru, wallahi, walitembea kwa miguu wasije wakaunguza mbawa. Ndani tulielea tu, mimi na Bibi, kati ya ubaridi na usingizi.

Kabla ya hadithi, Bibi alimtaja kwanza aliyekitengeneza kitabu. “Tumkumbuke mchapaji,” alikuwa akisema. Shule ilikuja kunifundisha baadaye kwamba mwenye kampuni ni mchapishaji na mwenye mitambo ndiye mchapaji. Kwa Bibi wote walikuwa bwana mmoja mwenye ndevu. Ukurasa wa mbele ulitaja mji na mtaa basi, lakini mtu kama Bibi, aliyeshona kofia maisha yake yote, hashindwi kumshonea mwenzake maisha. Alinieleza jinsi bwana yule alivyoanzia chumba kimoja kilichojaa moshi wa makaa, akila mkate mkavu ili anunue karatasi. Jinsi alivyosoma maandiko ya watu mpaka mishumaa ikaadimika London nzima. Jinsi mafundi wake walivyopanga herufi za madini ya risasi moja moja, kinyumenyume. Wenzake walimcheka: nani atakitaka kitabu cha lugha ya ng’ambo? “Akawajibu, wasomaji wapo, na wajukuu wao wako njiani.” Nami, mtoto wa miaka minane, nilishika neno moja tu: mchapaji. Kwetu kuchapa kulifanywa kwa kandambili. Nikaamini kwamba London kuna mzee asiyekufa, kazi yake kuwachapa wanaoharibu vitabu.

Basi nifikirie siku niliyokichukua kwa siri kwenda kuwaringia binamu zangu, kisha nikakisahau juu ya dashibodi ya gari la Baba kutwa nzima. Nilipokirudia, jalada lilikuwa limejikunja kama chapati ya jana, gundi imekuwa unga, nyuzi zimekatika, na mafungu ya karatasi yametapakaa chini ya viti. Namba za kurasa zilikwisha kuliwa na mende wa Unguja kabla sijazaliwa. Nikayaficha mafungu yote chini ya kitanda. Bibi alitafuta hadi ndani ya friji. Siku ya tatu alikaa na khanga tupu mapajani, akanong’ona, “Mama yangu alinikabidhi kwa mkono wake.” Hapo nikashindwa.

“Bibi, bwana mchapaji atanichapa ngapi?”

Alipoelewa, alicheka mpaka kiyoyozi kikaona haya. “Ala! Yule huchapa karatasi, mwanangu, si makalio!” Kisha akafuta macho. “Kuharibika si neno. Kunificha ndiko kulikoniuma. Mficha uchi hazai.”

Tukaketi mkekani. Akanionyesha herufi ndogo chini ya ukurasa wa kwanza wa kila fungu, isipokuwa lile la mbele lenye jina la kitabu: B, C, D. “Ona, katuachia alama. Alijua iko siku kitafumuka.” Nikapanga hadi I. Iliyofuata ikawa K. Nilikimbilia gari nikang’oa mazulia yote, vidole vikiungua, machozi yakikauka kabla ya kufika kidevuni. Baba akapiga kelele mlangoni: “Khalas, basi! Yalla, ndani, gari umeshalivua nguo!”

Nilirudi nikilia kwamba nimekipoteza kipande. Bibi alikuwa ameshasoma. Mwishoni mwa I mfalme alikuwa akinyanyua kikombe. Mwanzoni mwa K alikuwa akinywa. “Hakuna kilichopotea,” akasema. “J haimo kwa sababu J yuko hapa anajililia. Si weye, Jamila? Bwana mchapaji kakuachia nafasi. Shika uzi.” Akakishona kwa uzi wake wa kofia, na hapo kati ya I na K akanipa sindano nipitishe mshono wa pili.

Siku hizi nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji huko Dubai Investments Park, ambako mtambo hutema vitabu mia kabla hujamaliza chafya moja, vyote vya gundi. Katika masomo ya jioni niliyohitimu ukubwani, mwalimu alitueleza kwamba wachapaji wa zamani waliiruka J katika alama za mafungu kwa desturi tu, kwa kuwa zamani I na J zilikuwa herufi moja. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani, nikafaulu, na sikuliamini hata kidogo. Bibi ametangulia mbele ya haki. Kila kiangazi vitabu vyangu vipya humwaga kurasa kama mti unaopukutisha majani. Cha Bibi hakijaachia hata moja, na ukikifungua kati ya I na K utaona nyuzi mbili: mmoja umenyooka, mwingine umepinda kama konokono mlevi. Huo uliopinda ndio wangu.