Vyura Waliooga kwa Sabuni ya Kipande

"Vyura wangu ni wasafi kuliko wakwe zenu!" Kathambi alitangaza hivyo kwenye baraza la chifu pale Karurumo, wakwe wake wawili wakiwa wamekaa mstari wa mbele.

Hakuropoka bure. Vyura wageni, walioletwa bila kujulikana pamoja na vifaranga vya samaki, walikuwa wamejazana kwenye kidimbwi chake cha nduma. Kamati ya maji ikaamua: wakipatikana na kuvu inayoua vyura wa kienyeji, kidimbwi kimwagiwe chokaa. Nduma nazo zingekufa, na tangu awe mjane Kathambi hana shamba lingine.

Tabby, mtafiti, alichukua vyura wa mama mmoja akawagawa. Nusu aliwafungia kwenye tenga la waya kidimbwini kwa Kathambi, nusu kwenye bwawa la Ndambiri, mwenyekiti wa kamati. Alitaka kujua kama wana kuvu hiyo, na kama bakteria wa ngozini wanaowakinga hutoka kwa ukoo au kwa maji.

Siku ya kupimwa, Kathambi alifanya anachofanya mama yeyote anayepeleka mtoto kliniki. Aliwatoa vyura wake wote tengani, akawasugua kwa sabuni ya kipande mpaka wakang'aa.

"Shosho, umefanya nini?" Tabby alishika kichwa. "Bakteria ndio askari wao dhidi ya kuvu! Pamba yangu ya kupimia imetoka na povu tupu."

"Ulitaka wakutane na wageni wakinuka kama Ndambiri?"

Ndambiri hakucheka. "Hakuna majibu, basi. Chokaa ni kesho."

Kesho yake alimkuta Kathambi amesimama katikati ya kidimbwi, gambuti zimejaa tope.

"Mwaga, mwenyekiti. Anzia kichwani."

"Toka, mama."

"Nitoke niende wapi? Kwako?"

Watu wakacheka, Ndambiri akaondoka na magunia yake. Tabby akapewa mwezi mmoja wa kupima upya, vyura wakarudishwa tengani.

Mwezi ulipoisha, majibu yalisomwa barazani. Bakteria wachache walifanana kote, hao ni wa ukoo. Wengi walikuwa wa maji. Vyura waliooga walikuwa wamerudishiwa askari wao na tope la nduma, na hawakuwa na kuvu. Ndugu zao kwa Ndambiri, palipotupwa kinyesi cha kuku, walikuwa nayo.

"Kidimbwi kibaki," chifu akasema, "lakini kizungushiwe wavu, vyura wasifike mtoni."

"Nitazungushia," Kathambi akajibu, "na nikimaliza, wakwe zenu waje kuoga."

Wavu wa plastiki ni shilingi mia moja na themanini kwa mita, na wa kulipa ni yeye.