Athanasie na Maziwa Yasiyouzwa

Ukifika Muheto, kwenye vilima vya Masisi huko Kongo, ukauliza nyumba ya Athanasie Muhawenimana, hakuna atakayejisumbua kukunyooshea kidole. Watakuambia upande kilima mpaka pua yako ikuambie umefika. Na ni kweli. Kibanda chake cha mbao, nyuma ya nyumba, kinanukia maziwa yaliyoganda, chumvi na moshi wa kuni, na asiyeipenda harufu hiyo hajaonja fromaji ya Athanasie. Watu wa pwani huiita jibini. Waiite wapendavyo, mradi wasiseme yao inaishinda ya kwake, maana hapo tutakosana.

Kazi hiyo aliijua kwa kuiba kwa macho. Akiwa msichana aliosha ndoo kwenye ranchi ya tajiri mmoja, na kila alipopeleka ndoo safi alichelewa mlangoni kidogo, akaona maziwa yanavyopashwa moto, yanavyotiwa dawa ya kugandisha, yanavyokatwakatwa kwa kisu cha mti na kukandamizwa kwa mawe. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemfukuza. Vita vilimkimbiza mara mbili hadi kambi za Goma. Mara ya kwanza alirudi akakuta mbao za kibanda zimekuwa kuni za watu. Mara ya pili alikuta hata mawe ya kukandamizia yameibwa. Mawe, katika nchi ya Masisi ambako mawe ni mengi kuliko maharage! Alicheka siku nzima, kesho yake akashuka mtoni kutafuta mengine.

Ana miaka hamsini na minne, mumewe alishatangulia, na zizini kwake yumo ng'ombe mmoja tu, Bihogo. Maziwa ya kazi huyanunua kwa majirani kila asubuhi. Maziwa ya Bihogo hayaingii sufuria ya fromaji hata siku moja. Hayo ni ya nyumba na ya wageni.

Hapo lazima nieleze, kwa sababu bila hilo kisa hiki hakina kichwa wala mkia. Kwa watu wa ng'ombe wa vilima vile, maziwa ya kwenye ndoo ni biashara: utayapima, utayauza, utagombana juu ya bei, na Mungu hatakasirika. Lakini maziwa yakishamiminwa ndani ya inkongoro, kile kikombe kirefu cha mti, mgeni akakaa chini na kupewa kwa mikono miwili, hayo hayana bei tena. Atakayeyauza amejiuza mwenyewe. Baba yake Athanasie alikuwa akisema kwamba nyumba inayouza maziwa ya mgeni haina tofauti na duka, na dukani hakuna anayekuja kukulilia msiba. Athanasie aliyashika maneno hayo kama anavyoshika sala ya Baba Yetu.

Sasa, mwaka ule njia ya kutoka Goma ilipata kupumua. Pikipiki zikapita bila shida, magari nayo yakafuata, na Jumapili wageni wakaanza kuja: watu wa mashirika waliochoka na vumbi la mjini, wakitaka kuona majani mabichi na ng'ombe wanaolala bila haraka. Penye wageni hapakosi wa kuwapokea. Akatokea Léopold.

Léopold alikuwa na miwani myeusi, buti za askari, Kiingereza cha kutosha, na shingoni kadi yenye utepe wa buluu. Kadi ile ilikuwa ya kampeni ya chanjo ya miaka mitano nyuma, ameigeuza mgongo ili isisomeke. Ofisi hakuwa nayo, ruhusa hakuwa nayo, lakini ulimi alikuwa nao, tena mtamu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga. Kwa Léopold ilikuwa mgeni njoo, Léopold apone, mwenyeji atajua mwenyewe.

Alipanda kwa Athanasie siku ya kwanza peke yake, akavua miwani kwa adabu.

"Mama Athanasie, nitakuletea bageni kila dimanche. Fromaji yako unauzisha ngapi?"

"Dola tano."

"Tutasema kumi na tano. Tano yako, kumi ya kwangu. Njo commission, Mama. Fasi zote biko vile."

Athanasie alikuwa anapangusa fromaji kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Hakusimama.

"Muntu wa Goma ananunua tano, muntu wa Muheto ananunua tano. Huyu mugeni alinikosea nini, nimulipishe kumi na tano?"

"Lakini Mama, hao biko na pesa."

"Na miye niko na bei. Leta bageni, watakunywa maziwa. Mwenye anataka fromaji atanunua. Mwenye hataki, aende na amani."

Léopold hakubishana. Alitabasamu, akavaa miwani, akashuka. Mimi mtu anayekubali kushindwa upesi namna ile huwa namtilia shaka, lakini Athanasie ana moyo safi, na moyo safi wakati mwingine unachelewa kusikia moshi.

Wageni wakaja kweli. Jumapili ya kwanza sita, ya pili watano, ya tatu tisa. Athanasie aliwakalisha kwenye viti vya nyumba, akamimina maziwa ya Bihogo, akapitisha inkongoro kwa mikono miwili. Walikunywa, walipiga picha, walitazama kibanda kwa heshima kubwa kama watu walio kanisani. Aliwakatia vipande wakaonja, wakafumba macho kwa utamu. Kisha Léopold alisema maneno yake ya Kiingereza, wakainama kumshukuru Mama, wakashuka. Hakuna aliyenunua hata moja.

Jumapili ya kwanza hakujali. Ya pili ilimuuma kidogo. Baada ya ile ya tatu alikaa kibandani na kuanza kujishuku. Mwanamke ambaye vita havikumtoa katika kazi yake, sasa alikuwa anaonja fromaji yake mwenyewe kama hakimu anayesikiliza shahidi mwongo. Alipunguza chumvi. Akaongeza. Alichemsha vitambaa vyote upya. Josiane, mnunuzi wake wa Goma, alipopita alimwekea kipande mdomoni kabla hata ya salamu.

"Sema kweli. Mukono wangu umezeeka?"

"Mama, ni ile ile," Josiane alisema akitafuna. "Juu ya nini unauliza?"

Athanasie alirudi kwenye rafu zake. Aliona aibu. Tena kulikuwa na jambo lililomfanya ahitaji kila dola: jirani yake Byukusenge alikuwa amemwekea ndama jike, mtoto wa ukoo mzuri, na amekubali kumngoja mpaka mwisho wa mwezi. Ndama huyo angemtoa Athanasie katika nyumba ya ng'ombe mmoja. Juu kwenye rafu zilipangwa fromaji ishirini na moja zilizoiva, na Josiane angezichukua zote Jumanne. Ndama alikuwa pale juu ya mbao, amebaki kuhesabiwa tu.

Jumapili ya nne walikuja wanane. Mmoja wao alifika nyuma ya wenzake, mama wa makamo, Mkongo, kiatu mkononi kwa sababu kisigino kilikuwa kimeng'oka njiani. Jina lake Anne, muuguzi wa Goma. Njia nzima alikuwa akiongea Kifaransa na wenzake, na Léopold alimhesabu kuwa mgeni kama wageni wengine. Hapo ndipo ujanja wake wote ulipopasukia. Hakujisumbua kumsalimia kwa Kiswahili, na mtu wa Kivu usipomsalimia huwezi kumjua.

Anne alipokea inkongoro kwa mikono miwili, akakaa vizuri, akanywa, akafuta midomo.

"Aksanti, Mama. Maziwa iko muzuri. Na ile pesa yake inasaidiaka kweli mayatima?"

"Pesa gani?"

"Ile ya maziwa. Dola kumi kila muntu. Tulilipa kule chini, kwa barabara. Guide alisema njo desturi ya nyumba yako, ao mutu hawezi kuingia."

Athanasie alimtazama Anne, kisha akawatazama wale saba wengine na vikombe vyao midomoni.

"Na fromaji? Aliwaambia nini juu ya fromaji?"

"Alisema ya huku haiuzwe, ni ya mizimu ya familia, kuuliza bei ni matusi. Ya kuuzwa iko kwa kibanda yake chini. Dola makumi mbili."

Basi mkono wake haukuwa umezeeka. Nasema kweli, furaha ndiyo iliyompata kwanza, furaha ya mtu aliyerudishiwa jina lake. Na nyuma ya furaha hiyo, mara moja, ikaja hasira iliyomfanya ashike nguzo ya kibanda. Mizimu! Yeye, mama wa kwaya ya parokia! Hayo pia angeyavumilia. Fromaji ni biashara, na biashara ina wezi wake. Lakini maziwa ya Bihogo, kwenye inkongoro ya baba yake, yameuzwa Jumapili nne, na watu waliokaa kwenye viti vyake walikuwa wanakunywa kitu walicholipia. Nyumba yake imekuwa duka na yeye mwenyewe hajui.

Léopold alikuwa ameegemea ua, akijifanya anatazama ng'ombe. Mtu mwingine angemrukia. Athanasie hakumtupia hata jicho. Aliingia kibandani, akatoka na fromaji mbili, akaziweka kwenye magoti ya mgeni wa kwanza, mzungu kijana mwenye ndevu nyekundu. Akarudi ndani. Akatoka na mbili nyingine. Mgeni wa pili. Kila safari alijua anachobeba: huu mguu wa ndama, hii nundu yake, huu mkia. Hakupunguza mwendo. Alipofika kwa Anne zilikuwa zimetimia kumi na sita, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Dada, uwaambie kwa lugha yao," alisema. "Dola kumi mulilipa, fromaji mbili. Bei yangu ni tano. Hamukununua maziwa. Maziwa ilikuwa ya kwangu, nimewapa."

Anne alisimama, kiatu bado mkononi, akawaeleza. Aliwaeleza yote, na nyuso zao zikageuka moja moja kuelekea penye ua, kwa Léopold. Yule mwenye ndevu nyekundu akaingiza mkono mfukoni.

"Anasema hii si haki, Mama," Anne alisema. "Pesa iko kwa huyu guide, haiko kwako. Anataka kukulipa."

"Atalipa kitu kimoja mara mbili? Hapana. Wamelipia kwa mulango wangu, kwa jina yangu. Mwenye alipokea, miye na yeye tutajuana mbele ya Mungu." Akafikiri kidogo. "Bale bageni ba dimanche zenye zilipita, unabajua?"

"Wengine. Wanatumika na sisi, kazi moja."

Athanasie aliingia mara ya mwisho, akatoka na zile tano zilizobaki, akazipanga miguuni pa Anne. Alijua hazitoshi watu ishirini. Aliomba wagawane vipande, na waambiwe vilevile kwamba maziwa waliyokunywa Muheto walipewa.

Rafu ya juu ikawa tupu kabisa. Wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha kusogea uani, maana kilimani habari haihitaji simu. Niliwasikia wengine baadaye wakisema kwamba siku ile walitamani wawe ndugu wa Athanasie, hata kwa upande wa shangazi.

Ndipo akamgeukia Léopold. Alichukua inkongoro iliyobaki, akaimimina mpaka juu, akamwendea. Jumapili nne alikuwa amekuja pale na hajawahi kunywa; kila mara alikuwa na kazi ya kusema.

"Kaa chini, kaka," alimwambia bila kupaza sauti. "Na weye umekuja kwangu. Kunywa."

Pale kilimani kila mtu alijua maana yake. Ukinywa maziwa ya nyumba umejifunga nayo. Huwezi kuiibia tena, na ulichoiibia utakirudisha. Ukikataa umesema mbele ya mashahidi kwamba wewe ni adui yake. Léopold naye alijua, mama yake alimzaa huko huko Masisi, si mbali. Alivua miwani. Alipokea kwa mikono miwili, mikono ikakumbuka malezi hata kama moyo umeyasahau. Alitazama maziwa. Alitazama wageni, na kibanda kitupu, na wanawake penye ua. Mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba kwa zile dola themanini.

Sisi tuliokuwa penye ua tulidhani atakunywa. Nadhani hata yeye alidhani hivyo. Kikombe kilifika kidevuni, kikakaa hapo muda mrefu, kisha akakishusha. Akamrudishia Mama bila kumtazama usoni, akapita katikati ya wanawake waliompisha mbali kuliko ilivyohitajika, akateremka njia ya miguu kwenda barabarani, na kadi ya chanjo ikimgongagonga kifuani. Hakuna aliyemzomea. Haikuwa lazima.

Athanasie alibaki na inkongoro iliyojaa. Maziwa yaliyokataliwa na mgeni hayarudi chunguni, na watu wengi huyamwaga yakaenda na ubaya wake. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Umwange, Mama." Athanasie akatikisa kichwa.

"Maziwa haina kosa."

Akakaa chini kwenye nyasi, kama inavyompasa anayekunywa, mgongo wima, mbele ya wageni wanane wenye fromaji magotini, akanywa mpaka mwisho bila kupumzika. Kisha akafuta midomo, akauliza nani anaongezewa.

Wote wanane wakanyoosha vikombe.