Faili la Assumani lilikuwa likibadilika kila alfajiri

Wakuu, heshima kwenu kutoka Goma. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kubisha abishe nikishamaliza.

Mimi ni mtu wa kompyuta kwenye ofisi moja ya mambo ya mbegu. Barua pepe na mafaili yetu yote yako kwenye cloud, huko mtandaoni. Wengi wanadhani kitu kikiwa cloud basi kimeshapona. Thubutu! Ukifuta wewe, na cloud inafuta. Ndiyo maana nina mashine pale ofisini inayochukua backup, yaani nakala za akiba, kila siku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa chote kiko hapa.

Mara ya kwanza ile mashine ilinakili kila kitu, ikamaliza siku tatu kwa mtandao wetu huu. Baada ya hapo inachukua kilichobadilika tu tangu jana. Ukitaka faili kama lilivyokuwa Jumanne, inashika ile nakala ya kwanza, inapachika juu yake mabadiliko ya siku moja moja mpaka ifike Jumanne.

Kila asubuhi inaniletea ripoti: akaunti ya nani, mafaili mangapi yamebadilika. Ambaye hakugusa kitu anasoma sifuri.

Assumani alikuwa agent wetu wa barabara ya Rutshuru. Kibumba, Rumangabo, Kiwanja, alipita kwa wakulima na pikipiki yake na kuandika kila kitu kwenye faili moja la ziara. Siku moja alitoka Rumangabo kwenda Kiwanja, hakufika. Simu ikazimika. Pikipiki haikuonekana. Tulizunguka hospitali, tukauliza kila mtu wa kuulizwa.

Akaunti yake ikasoma sifuri. Sifuri. Sifuri. Mwezi mzima.

Halafu asubuhi moja: Assumani, faili moja.

Nilidhani mashine imechanganyikiwa. Kesho yake, faili moja. Keshokutwa, faili moja. Saa zile zile, kabla jua halijatoka. Wakuu, nywele zilinisimama, sitanii.

Nikatoa nakala za siku moja moja, nikaziweka kando kwa kando. Lilikuwa lile faili la ziara. Chini ya sentensi yake ya mwisho, iliyohusu mbegu za maharage, palikuwa na herufi.

Siku ya kwanza: mmmm

Ya pili: mmmm a

Ya tatu, mstari mtupu na nukta.

Kila alfajiri kinaongezeka kitu kidogo pale chini. Nikaanza kumuona mtu aliyefungwa mikono, anaandika kwa kidole kimoja gizani. Nilifunga mlango wa ofisi mchana kweupe, nikakaa naziangalia zile m. Niliogopa.

Hapo ndipo nilipokosea.

Ndugu zake walikuwa wameshakubaliana kuweka matanga Ijumaa, wamsomee dua bila maiti. Nikakimbia mpaka mtaa wa Majengo kwa mke wake, Mama Zaina. Nikamwambia Assumani anaandika.

Akanishika mkono. "Papa Bonane, uko sûr? Una hakika? Tuache matanga?"

Nikasema muache. Mungu anisamehe.

Mama Zaina alicheka huku analia. Akina mama waliokuwa wanachambua mchele wa matanga wakaurudisha kwenye gunia. Mama mzazi wa Assumani, mtu mzima sana, alikuwa amekaa kwenye mkeka.

Kesho yake ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo: kufungua orodha ya vifaa vinavyoingia kwenye akaunti yake.

Viwili tu. Simu, ambayo ilionekana mara ya mwisho siku ile ya Rumangabo. Na tablet ya ofisi, ile aliyoiacha nyumbani ilipopasuka kioo, imeingia alfajiri hiyo hiyo. Hapa hapa Goma.

Nilirudi Majengo. Mama Zaina akaniambia walikuwa wameitoa sandukuni wakitafuta picha za mumewe, na laini ya ofisi bado ilikuwa ndani. Sasa ilikuwa chini ya mto wa yule mama mzazi wa Assumani. Hajui kusoma wala kuandika. Anaswali alfajiri, kisha anaitoa.

"Mutoto yangu alinionyeshaka," akaniambia. "Alisema nikifinya hapa, yeye ataona kule eko."

Akaniangalia. "Anaonaka?"

Aliyekuwa anaona ni mimi, wakuu. Mama Zaina alikuwa amesimama mlangoni, akaelewa kabla sijafungua mdomo, akakaa chini palepale. Tumaini nilimpa mimi, na mimi nikamnyang'anya, ndani ya siku mbili. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Ijumaa matanga yakawekwa. Mchele ukatolewa tena guniani.

Chef, mkuu wetu wa ofisi, akataka niifunge akaunti. Nikakataa, nikamweleza sababu, akakubali. Tablet ikabaki Majengo, na kila asubuhi ripoti inasema faili moja. Nalifungua kabla ya chai. mmm. Nukta. mmm.

Wiki iliyopita ikasoma sifuri.

Nilipanda pikipiki bila hata kofia. Nikamkuta kwenye mkeka, mzima, tablet mapajani, kioo cheusi. Mtaa haukuwa na umeme tangu juzi.

"Unachelewa!" akanigombeza. "Kitu imekufa, na bado sijamusalimia!"

Nikaenda kuichaji ofisini, nikamrudishia jioni.

Nilichojifunza ni hiki: backup itakuambia nini kimebadilika, lini, na kwenye akaunti ya nani. Mkono wa nani, haisemi. Angalia kifaa kwanza kabla ya kukimbilia nyumbani kwa watu na habari ya uhai.

Leo asubuhi: Assumani, faili moja.

Mliobaki na akaunti ya mtu ambaye hakurudi, ninyi mlifanyaje? Andikeni hapa chini. Nitasoma yote, nikishamaliza kusoma faili la yule mama.