Mama Mkwe Aliyeumwa Kichwa

Shule niliiacha darasa la pili, na sijaona nilichopungukiwa. Enzi za Mwingereza, daktari Mzungu wa matumbo wa hospitali yetu ndogo ya Kinondoni hakuweza kumtibu mtu pasipo mie. Alikuwa bingwa wa uvimbe wa tumbo, huu ambao sasa mnauita saratani. Akishaukata huutia katika chupa ya dawa, akaupanga rafuni, akautazama wiki nzima akitafuta umetoka wapi. Mkewe alinong'ona kwamba yeye hajawahi kutazamwa hivyo.

Ila Kiswahili cha yule bwana kilikuwa cha kuagizia chai. Mkalimani ni mie, kwa Kiingereza cha kuokota mitaani, na kazi yenyewe ilikuwa kuuliza watu habari za choo. Nimewauliza masheikh, nimewauliza majumbe. Nimemuuliza karani mmoja wa bara, mwenye tai, naye akajibu kwa Kiingereza ili choo chake kipate heshima.

Asubuhi moja navaa kaptula yangu ya kazi, mke wangu akaniambia, "Mama anakwisha. Leo jirani anamleta hospitali kutoka Kunduchi. Akirudi bila kutibiwa, nawe umesimama palepale, mie utanikuta kwetu."

"Tulia," nikamwambia. "Tumbo gani limewahi kunificha siri?"

La mkwe, kumbe. Kwetu Wazaramo mama mkwe ukimwona njiani unapinda kona. Huli mbele yake, humtazami usoni. Alipoingia chumba cha daktari na kuniona, alijifunika kanga hadi puani akageukia ukuta. Mie nikageukia rafu ya chupa.

"Muulize anaumwa wapi," daktari akasema.

Nikaiuliza rafu. Ukuta ukajibu, "Mwambie bwana mkubwa ni kichwa tu."

"Muulize choo. Kina damu?"

Nikatafsiri, "Bwana anauliza habari za nyumbani."

"Njema," akasema mama mkwe, nami nikamfikishia daktari hivyo hivyo.

Daktari akanikodolea macho kama nimelewa, kisha akachukua kalamu kuandika aspirini. Nikaona kifo cha mkwe wangu kinaandikwa kwa mwandiko mzuri. Nikatoka mbio. Wapo watakaosema nilikimbia. Mie nilikwenda kuleta dawa.

Uani alikuwako mpishi wa uji wa wagonjwa, mama wa Kinyamwezi mwenye sauti ya tarumbeta. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani: hutukanana hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Nikamnong'oneza. Akaingia na mwiko mkononi, mie nikabaki nyuma ya mlango.

"Ala! Mzaramo huyu! Kichwa kinauma, mbona umekalia tako moja?"

"Toka hapa, mpagazi! Babu yako alibeba mizigo toka Tabora, nawe mpaka leo unabeba masufuria."

"Nabeba na nimenona. Wewe mbona umebaki mifupa? Nyie mkishapiga ngoma mnasahau hata kula."

"Nikila nashiba kabla ya tonge la tatu."

"Na chooni?"

"Mwanahizaya! Wataka kwenda kunichungulia?"

"Nitanusa tu. Damu je?"

"Ipo! Tangu Ramadhani ipo! Umeridhika, mla panya wee?"

Mie nyuma ya mlango natafsiri neno kwa neno, matusi nayaruka. Daktari akauliza, "Wanagombana?"

"Hapana, bwana. Wanapimana."

Akaitupa kalamu, akamlaza kitandani, akamgusa tumbo. Kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu: uvimbe upo, na bado unasogea, maana yake unakatika. Wiki ile ile ukakatwa.

Bwana yule akafurahia utafiti wake mpya. Akaamuru kila mgonjwa atukanwe kwanza. Mgonjwa aliyefuata alikuwa Mwarabu mwenye duka la vitambaa, asiye na utani na mtu yeyote duniani. Alipoambiwa anatembea kama ngamia aliyekula sabuni, alipona papo hapo akaenda kushtaki kwa Diisii, mkuu wa wilaya. Amri ikafutwa. Ningeulizwa mie, ningewaeleza mapema.

Uvimbe wa mkwe wangu ulikaa rafuni kwenye chupa kubwa kuliko zote, na wageni kutoka Ulaya walionyeshwa. Mie ndiye niliyekuwa nikiipangusa vumbi, nimeangalia pembeni, kwa adabu.

Mwenyewe alirudi Kunduchi, akanenepa, akarudi kukaanga samaki wake. Siku moja mke wangu akaja na kikapu cha changu waliokaangwa vizuri.

"Mama amekuletea," akasema. "Anasema nikupe salamu. Kisha anasema nikwambie, kama ulikuwa huna habari, kwamba mwaka huu aliumwa kidogo kichwa."

"Mpe pole," nikajibu. "Mwambie ndiyo kwanza nasikia."